Siku Nilipolainisha Vidole vya Utafiti

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Atieno, maana yeye akisimulia anatia chumvi mpaka inakuwa chungu: mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilisimama ndani ya maabara ya chuo kikuu hapa Doha nikapiga vigelegele huku mjukuu wangu akizama, na kadiri alivyozama ndivyo nilivyozidisha.

Mambo yalianzia uwanja wa ndege. Nilipokuja kumtembelea binti yangu (ni nesi, anakaa Al Thumama) mashine ya pale ilikataa vidole vyangu, nikaweka gumba ikakataa, nikaweka vya mkono wa pili ikakataa, kijana wa dirishani akanipangusa kwa kitambaa kama mtoto aliyemaliza uji, ikakataa, na watu nyuma yangu wanaguna. Makena, binti wa binti yangu, alipoambiwa hakucheka. Alinishika mkono akaugeuza kwenye taa, akauliza nimechuma chai miaka mingapi na ninafulia sabuni gani. Huyu mtoto anasomea sayansi ya kuchunguza uhalifu, yaani mwizi akigusa kikombe wao wanaisoma ile alama ya kidole, na yuko kwenye mwaka wa utafiti, ule ambao mwanafunzi anatafuta swali lake peke yake, na likimshinda digrii yake imekwenda. Basi akalipata pale pale: vidole vilivyoliwa na kazi vinasomwaje?

Mmesikia? Swali la chuo kikuu limetoka kwenye vidole vyangu! Nilitembea nimeinua shingo kama twiga.

Akaniomba nimtafutie akina mama wa kazi za mikono. Nikawapata kanisani: Atieno anayesafisha nyumba ya watu Al Wukair, Nakato Mganda anayeosha vyombo hotelini kule The Pearl, na wengine. Mwalimu wake, daktari mmoja mama wa Kisudani, angefungua maabara Ijumaa ile kwa kuwa wengi wako ofu, ajionee mwenyewe kama swali lina maana au Makena atafute lingine.

Hapo ndipo shetani wa kusaidia watu akaniingia. Nikawaza hivi: mashine haisomi, mtoto anataka isome, ikisoma amefaulu. Kuna mahali nimekosea? (Mimi nilitoka shule darasa la nne, lakini hesabu hiyo niliona imekaa sawa.) Makena sikumwambia, nilitaka ashtuke kwa furaha. Nikawaamuru wale mama wiki nzima wasugue mikono kwa sukari na ndimu, waoshe vyombo wamevaa glavu, na usiku wapake glisirini wavae soksi mikononi.

"Jajja, kwani tunaenda kuolewa?" Nakato akaniuliza (jajja kwao ni bibi, kama Atieno anavyoniita shosh).

"Utapeleka chuo kikuu mikono kama miguu ya kuku? Vaa soksi!"

Atieno alisahau kuzivua akafungulia madam wake mlango nazo, madam akadhani ameungua, akamwondoa jikoni. Akanipigia simu anacheka: "Shosh, hii dawa yako ni moto, nimepumzishwa masufuria!"

Ijumaa ikafika. Maabara ni baridi kama ndani ya friji na hainuki kitu, hata mtu hanuki. Kimashine chenyewe ni kidogo, kina kioo juu, nikainama nichungulie chini yake kuna nini (kuna waya tu). Atieno akaweka kidole. Taa ya kijani! Na kwenye skrini kidole chake kikatokea kikubwa kama sinia, mistari imezunguka kama matuta ya mlimani. Nikapiga kigelegele. Nakato, kijani, kigelegele. Nikaweka changu, kijani! Hapo nilipiga mpaka mlinzi akafungua mlango.

Daktari akavua miwani akasema neno kwa Kiingereza. Makena akageuka, uso umepauka.

"Anauliza, wale wenye vidole vilivyoisha wako wapi?"

"Si ndio sisi! Tumejitengeneza."

"Mmejitengeneza nini, shosho?"

Atieno akaropoka, "Glisirini na soksi, siz. Wiki mzima."

Makena akakaa chini. Nami badala ya kufunga mdomo nikamwambia amtafsirie daktari kwamba dawa imepatikana, waandike glisirini. Daktari akacheka, hakuwa na ubaya, akasema hiyo inajulikana zamani, hata wa mwaka wa kwanza wanafundishwa.

"Mwizi hapaki glisirini, shosho," Makena akasema polepole. "Na maiti pia haipaki. Mimi natafuta vidole vibaya. Wewe umeniletea vizuri."

Sijawahi kuona mikono laini ikiwa mizito vile. Daktari akampa Ijumaa nyingine moja, basi, na kazi ya kuwarudisha wale mama ikawa yangu. Nakato alikubali. Atieno akakataa katakata: "Mikono hii sirudishi. Jumapili kuna mtu amenisalimia akachelewa kuuachia mkono." Nikambembeleza, nikamwambia mtoto atakosa digrii kwa kosa langu mimi, akakata simu. Mimi nikaanza kusugua masufuria ya jirani kwa stilwaya, na kufua nguo kwa mkono huku mashine ya kufulia ya binti yangu inanitazama.

Ijumaa ile kidole changu kikakataliwa, cha Nakato kikakataliwa. Wa mwisho kuingia alikuwa Atieno, mikono imechubuka kwa dawa ya choo. Akaweka kidole. Nyekundu.

"Haya, shosh. Umefurahi?"

"Nimefurahi, mama. Nisamehe."

Daktari akaitikia kwa kichwa, swali likabaki la Makena. Nami nimeapa, mtu akiniambia ana shida na kitu, kabla sijakunja mikono ya nguo nitamuuliza kwanza: unataka kitengenezeke, au unataka kibaki hivyo hivyo ukitazame?