Kufika Qantab Kabla ya Adhuhuri

Kila asubuhi, kabla hajatuita, Mjomba Thani alilowanisha kitambaa kwenye bomba la uani na kufuta vitasa vya milango ya gari, kimoja kimoja. Halafu aliwasha injini na kiyoyozi, akaiacha gari ipoe. Joto la Muscat hukishika chuma mapema, naye hakutaka mgeni wake aungue vidole. Tukitoka tulimkuta amesimama pembeni, kanzu imepigwa pasi, kilemba kimekaa sawa, kama anayemngojea waziri. Na kweli alikuwa dereva wa wizara mpaka alipostaafu.

"Haya, bismillahi," alisema. "Leo tunaanza kwa nani?"

Hakutuuliza sisi. Wakati anasema hivyo tayari alikuwa ameshika simu sikioni.

Tulitoka Unguja watu watatu, mama, dada yangu Shatha na mimi, kwa wiki moja tu. Mama alikuja kwa jambo moja: kumwona dada yake, Hajar, anayekaa Qantab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa na majabali upande wa pili wa mji. Bibi alifariki mama akiwa mdogo sana, na Hajar ndiye aliyemlea. Alimsuka, alimpeleka skuli, alimpiga na kumbembeleza, mpaka Hajar mwenyewe alipoolewa akahamia Oman. Sasa Hajar anaumwa maradhi ya kusahau. Binti yake, Bashayer, alitueleza vizuri kwa simu hata kabla hatujakata tiketi: asubuhi mama yake anakuwa na akili zake, anawajua watu na anacheka nao. Ikishapita adhuhuri anachoka, na hapo hamjui mtu.

"Njooni asubuhi, khaloo," alimwambia mama, ambaye ni mama yake mdogo. "Siku yoyote, lakini asubuhi."

Mjomba Thani ni mtoto wa ami yake mama. Alitupokea uwanja wa ndege akatuweka kwake, Sib. Mkewe alishafariki, na hawakujaaliwa watoto. Nyumba ilikuwa safi na kimya, na jikoni hamkuwa na kitu ila birika na sufuria moja ya chai. Chakula alikula kwa jamaa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila nyumba tuliyoingia palikuwa na mto wake wa kuegemea, na watoto waliinuka kumpisha bila ya kuambiwa.

Na nyumba hizo tuliziingia karibu zote. Siku ya mwanzo mama alimwomba tuanze Qantab. Alishtuka.

"Balqis! Tuwapite wakubwa wote hawa twende mwisho wa mji? Watasema nimekuficheni."

Basi tukaanza na wakubwa. Kila nyumba kahawa, halua, matunda, kahawa tena, na ukidhani umemaliza, sinia la wali linaingia. Mimi sipendi kutazamwa nikila. Nilikaa katikati ya wanawake wanaoniuliza nimesoma nini chuo kikuu na kwa nini sijaolewa, huku mkono wa mtu nisiyemjua ukinisogezea mnofu. Kila tulipotoka jua lilikuwa limeshainama, na mama aliangalia saa yake.

"Tupande teksi, tumalize," Shatha alisema usiku mmoja chumbani.

"Mgeni wa Thani apande teksi?" mama alijibu. "Bora umchome kisu."

"Basi tukila tu kila siku, Khaloo Hajar tutamwona lini?"

Mama alizima taa.

Siku ya mwisho mama aliamka na uso mwingine. Ndege yetu ilikuwa alfajiri ya siku ya pili yake. Alimfuata Mjomba Thani pale pale kwenye gari, kitambaa bado mkononi mwake, akamwambia leo hapana nyumba, hapana kahawa, ni Qantab moja kwa moja.

"Moja kwa moja," alisema Mjomba Thani. "Hata mimi nnataka."

Tulikuwa tumeshakaribia Khuwair, nusu ya njia, simu ilipolia. Alikuwa Khalil, binamu mwengine, ambaye nyumba yake hatujaifika bado. Mjomba Thani alisikiliza, akasema naam, naam, inshallah, na gari ikaanza kuelekea kulia.

"Thani," mama alisema.

"Mlangoni tu. Hatukai. Tunampa salamu anatuona, basi."

"Mlangoni kama kwetu, au kama huku, mpaka sinia lije?" Shatha aliuliza.

Khalil alitungoja nje, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Mama alisimama kizingitini na kumweleza yote kwa adabu: dada yake, maradhi yake, asubuhi. Khalil alitikisa kichwa kwa huruma. Halafu akainua kidole.

"Wallahi, na mke wangu si mke wangu, mkitoka hapa hamjala!"

Mjomba Thani alitazama viatu vyake. Kiapo hicho baadhi ya wanaume wa huku humwapia mgeni anayekataa kukaa: ukiondoka, yeye ameacha mke. Ndani, kutoka jikoni, tulimsikia mkewe, Nasriya.

"Tena? Mwezi huu mara ya ngapi? Ingieni jamani, msinitoe nyumbani kwangu na watoto wangu!"

Shatha alicheka kwa hasira. Mama hakucheka. Alisimama pale, mkono kwenye kitasa cha mlango, nikadhani ataondoka. Lakini atawezaje? Atakwenda kumkumbatia dada yake huku nyuma amemwachia Nasriya shaka ya ndoa yake? Alivua viatu.

"Basi tupeni chochote," alisema. "Mkate na chai, tule twende."

"Mkate!" Khalil alisema. "Mbuzi ndiyo kwanza anapikwa."

Tulimngojea mbuzi. Nasriya, maskini, alikuwa anakimbia baina ya jiko na sebule akituomba radhi kwa macho. Adhana ya adhuhuri ilitukuta pale, wanaume wakaenda msikitini, wakarudi, sinia likaja. Mama alitia tonge moja mdomoni na kulitafuna muda mrefu. Mjomba Thani alikula kwenye mahala pake, ameegemea mto wake, na tulipoaga Nasriya alimpa sufuria iliyofungwa kitambaa, ya chakula chake cha usiku.

Bashayer alitufungulia mlango Qantab wakati wa alasiri. Alimtazama mama, halafu akanitazama mimi.

"Nilimkogesha asubuhi," alisema. "Alikuwa anakuulizeni. Anasema, mbona Balqis hafiki?"

Hajar alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko kwenye picha, kanga mabegani. Mama alipiga magoti akamshika mikono yote miwili.

"Dada. Ni mimi. Balqis."

Hajar alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni.

"Balqis bado hajarudi skuli," alisema. "Kaa umngojee, mama. Hakawii."

Mama alikaa. Alikaa mpaka magharibi, akamngojea Balqis pamoja naye, akiitikia kila alipoambiwa kwamba mtoto yule ni msahaulifu, pengine kasimama njiani kucheza.

Tulirudi Sib usiku. Mama alikuwa mbele, mtandio umemfunika uso. Shatha aligeukia dirishani. Sufuria ya Nasriya ilikuwa miguuni pangu, bado ina uvuguvugu. Wiki nzima sikumwambia Mjomba Thani neno ila salamu na ahsante, na sasa nilisikia sauti yangu ikitoka.

"Mjomba, kwa nini hukumwambia Khalil kwamba hatuji?"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nyinyi kesho mnaondoka, mwanangu," alisema. "Mie nnabaki nao."