Mtihani wa Kukalia Mkono

Hadi leo napita mbali na ule ukumbi wa parokia huku Kabondo, na si kwa sababu ya dini. Nikiuona tu, mate ya kichefuchefu yananijaa kinywani. Ndimo walimotufundishia kwa kompyuta.

Kiwanda chetu cha vitambaa kilikufa polepole, mashine moja baada ya nyingine, mpaka tukabaki wafumaji tusio na cha kufuma. Wengine wakaingia kwenye toleka, wakibeba abiria kwa baiskeli, wengine wakaenda kulima Bengamisa. Kisha ukaja mradi. Tukaambiwa tutasomeshwa kazi za kisasa kwa mtandao, na atakayefaulu atapewa cheti. Mwenzangu mmoja, ambaye mashine yake ilipakana na yangu tangu ujana wetu, alikihitaji cheti hicho kuliko sisi wote. Depo moja ya saruji huko Makiso, katikati ya mji, ilikuwa imemwahidi kazi ya kutunza ghala, ila bila cheti hapana. Yeye na mkewe walikuwa wanaishi kwa mkwe, mume wa binti yao. Mwanamume mzima kukaa kungoja sahani ya lituma, ndizi za kuponda, kutoka kwa mkwe wake, aibu hiyo ilikuwa inammaliza.

Masomo yenyewe yalinichukiza tangu mwanzo. Jenereta inanguruma nje, mvua ikidondoka mtandao unakatika, na kwenye kioo cha kompyuta mama mmoja mwenye meno meupe anatueleza kwamba kupoteza kazi ni bahati. Swali la kwanza: unajisikiaje baada ya kupoteza kazi? Majibu ya kuchagua: nina matumaini, nina hamu ya kujifunza, niko tayari. Jibu langu halikuwemo. Nikabonyeza mojawapo, na kompyuta ikanipigia makofi.

Sasa kuna jambo la wafumaji ambalo lazima nilieleze. Ndani ya ukumbi wa mashine kiwandani mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe. Tulizungumza kwa midomo bila sauti, na kwa vidole: uzi umekatika, mkubwa anakuja, mtoto wako amepona? Masikio ya wengi yalifia humo, ya mwenzangu zaidi, lakini mikono ilibaki na maneno yake. Hata msibani, wafumaji wawili wakionana husemezana hivyo bila kujijua.

Siku ya mtihani kila kompyuta ilikuwa na kamera ya kututazama. Katikati ya maswali mwenzangu akanigeukia, akaniuliza kwa vidole kama nimekula. Nikamjibu kwa midomo: mboga ya pondu ya jana. Akatabasamu. Papo hapo vioo vyetu viwili vikawa vyekundu, na mtihani ukafungwa. Kompyuta iliandika kwamba tumedanganya.

Mwalimu wetu, bwana nadhifu mzaliwa wa mji huu huu aliyesomea Kinshasa, akaja akiwa ameshika simu yake.

“Ba papa, mulikuwa munapeana majibu.”

“Aliniuliza kama nilikula,” nikasema. “Nikamujibu.”

“Bon, mi nawaamini. Lakini machine inasema fraude, na mi siwezi kubishana na machine.”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia kinyaa hasa. Angetutukana ningejua pa kumshika. Akatuambia tunaweza kurudia kesho, akatuonyesha namna: mkono wa kushoto tuukalie, wa kulia ubaki kwenye kipanya, na midomo tuiume kwa meno.

Mimi nilikataa. Nilimwambia mwenzangu kwamba aliyeiba ndiye wa kuficha mikono. Akaniambia kwa vidole neno moja tu: mkwe.

Kesho yake nilisimama mlangoni nikimngoja. Nilimwona mzee mzima, mwenye wajukuu, ameukalia mkono wake kama mtoto aliyeadhibiwa, ameuma mdomo wa chini, macho yamemtoka. Alipomaliza, mdomo ulikuwa umevimba na una damu kidogo. Alikuwa amefaulu. Wenye mradi wakampigia makofi, wakamvalisha fulana ya mradi, wakampiga picha akiinua cheti. “Munaona, papa? Iko simple,” mwalimu akamwambia. Mwenzangu akacheka pamoja nao. Mimi nikatoka nje nikatema mate kwenye majani.

Kazi aliipata, siwezi kukataa hilo. Amehama kwa mkwe, amepanga nyumba yake, na mkewe anapika kwenye jiko lake mwenyewe. Wenye mradi wakisema hilo ndilo la muhimu, labda wana haki ya kusema hivyo. Lakini kinyaa hakijanitoka.

Juzi nilipita Makiso, nikamwona mbele ya ile depo. Malori yalikuwa yananguruma, pikipiki zinapiga honi. Nikamwinulia mkono kutoka ng’ambo ya barabara, nikamuuliza kwa vidole kama mkewe hajambo. Aliniona vizuri. Mikono yake ikaanza kupanda, halafu akaizika mifukoni na kunipigia kelele mpaka watu wakageuka:

“Ndugu, kuya huku useme na kinywa. Pa mulango kuko kamera.”

Nikavuka. Nikamuuliza kwa kinywa, nikarudia kwa nguvu karibu na sikio lake. Hakusikia kitu. Aliitikia tu kwa kichwa, akisema ndiyo, ndiyo.