Ng'ombe wangu wa mahari walivyopima daraja la waasi, Luberizi

Wakuu, amani kwenu wote, hata nyinyi munaosoma mukiwa kazini, mukubwa wenu asiwaone.

Minye, yaani mimi, ni muzee wa Kasenga, Uvira. Indépendance, uhuru wa Congo, ilinikuta nimeisha ota ndevu. Hii ninayoandika iko kweli tupu, na shahidi iko hapa pembeni yangu anamenya mihogo: Nabintu, mama ya watoto wangu. Nikidanganya atanipiga na muhogo.

Nimeona kwenye uzi mwingine vijana munabishana juu ya majeshi makubwa yanavyofanya utafiti wa madaraja ya haraka, mito, matope, baridi. Nikacheka. Utafiti wa namna hiyo tuliufanya hapa kwetu wakati wa uasi, miaka michache baada ya indépendance, na chombo cha kupimia kilikuwa ng'ombe wangu wa mahari.

Iko hivi.

Minye ni mutoto wa ziwa. Baba yangu alivua ndagala, na babu vilevile. Ng'ombe nilimujua akiwa ndani ya sahani. Sasa moyo ukaenda kuangukia Luberizi, kwa watu wa mpunga. Baba yake Nabintu akasema anataka ng'ombe watano, samaki hapana. Tena wafike kabla ya Jumapili. Wasipofika, mwalimu mumoja mwenye velo, baiskeli, atapewa Nabintu.

Huyo mwalimu alikuwa anapita pale kwao kila siku na kengele yake, ngriing ngriing. Nilimuchukia, yeye na kengele.

Ng'ombe tukawapata Bwegera, kwa mufugaji aliyeshuka kutoka milimani, Muzee Rugira. Mutu mupole, fimbo mabegani, maneno machache. Akakubali kunisindikiza. Ijumaa asubuhi tukafika mtoni, mto uliokuwa kati yetu na Luberizi. Mvua iliujaza mpaka kingo. Daraja hakuna, maaskari wa serikali walilivunja wakati wanakimbia.

Waasi walikuwa pale na Kapiteni wao wa génie, yaani wale maaskari wa kujenga madaraja. Alisoma hayo mambo mbali huko. Ana miwani, ana daftari, ana saa ya mukono. Alikuwa ameunganisha mapipa matupu ya mafuta, juu yake mbao, daraja la kuelea. Upande wa Luberizi alilifunga na kamba ya chuma. Upande wetu chuma kikaisha, wakafunga na kamba ya migomba.

Akatuambia hakuna kupita. Utafiti kwanza.

Ijumaa nzima alipima mbio ya mayi, maji ya mto, kwa mapapai. Anatupa papai kule juu, anaangalia saa, na maaskari wa kule chini wapige kelele likipita. Shida wale wa chini walikuwa na njaa. Papai likifika wanaliokota, wanalikula mpaka mbegu, halafu ndiyo wanakumbuka kupiga kelele. Kapiteni akaandika kwamba mto huu unakwenda polepole sana.

Jumamosi akataka uzito. Lori lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Akageuka akaangalia ng'ombe wangu.

Minye nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia, "Mon capitaine, hawa ni wazito kupita lori! Pima!"

Muzee Rugira akakohoa, akanyoosha fimbo kwenye mto, akaanza, "Mwanangu, hawa ng'ombe..."

Kapiteni akamukatiza, "Muzee, nyamaza. Hii ni science." Na minye, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Ndiyo, muzee, nyamaza kidogo." Akakaa chini, akatoa kiko yake.

Kapiteni akatangulia ng'ambo na daftari. Ng'ombe wakakataa. Kwato ikigusa mbao pipa linalia bum! wanarudi nyuma. Tulisukumana mpaka jasho.

Ndipo mvuvi nikapata akili. Nilikuwa nimeona Muzee Rugira akiwapa chumvi. Nikachukua majani makavu ya mpunga, nikayaloweka mayi ya chumvi, nikatandika daraja lote. Kelele zikaisha, na chumvi ikawaita. Nikajiona profesa.

Wakaingia wote watano. Kufika katikati wakasimama, wakaanza kula daraja.

Wakuu, ng'ombe akikuta chumvi hana haraka na harusi ya mutu! Nikavuta, nikaimba, nikabembeleza. Wakajikusanya wote mahali pamoja, mbao zikazama, mayi ikanifika magotini. Kapiteni ng'ambo anapiga makelele, "Wasitoke! Ninaandika!"

Kamba ya migomba ikakatika.

Upande wa Luberizi chuma kilishika. Basi daraja likazunguka na mayi kama mlango unaofungwa, minye nimeng'ang'ania mkia, naita Mungu kwa Kiswahili na kwa Kivira. Likaenda kugonga ukingo wa Luberizi, puu! kwenye shamba la mpunga la baba mukwe mwenyewe. Ng'ombe wakashuka, wakaendelea kula.

Nikahesabu wanne. Wa tano alikuwa ameanguka katikati ya mto.

Nililia, sitaficha. Nilikuwa ninamuona Nabintu amekaa nyuma ya ile velo.

Nikaenda kwa baba mukwe na matope mpaka masikioni, natafuta maneno ya kuomba. Kuingia uani, nakuta ng'ombe wa tano amesimama, anajikung'uta mayi. Pembeni yake Muzee Rugira, naye amelowa, anakunywa uji.

Kumbe aliingia mtoni, akashika mkia, wakaogelea wote wawili.

Nikamuuliza, "Ng'ombe anajua kuogelea?"

"Mwanangu, hapo ndipo tunawavushia kila masika. Nilitaka kusema, mukaninyamazisha."

Baba mukwe akaangalia mpunga wake, akaniangalia minye, akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alikuja Jumapili, akawaona wale ng'ombe, akageuza velo.

Kapiteni naye akaja, akavua kofia mbele ya Muzee Rugira, akamuomba amuonyeshe ng'ombe wanapovukia. Akaandika kurasa nyingi. Huo ndio utafiti wa kweli niliouona. Sikumuona tena. Vita ilimumeza kama ilivyomeza wengi, na nikikumbuka ile miwani moyo unaniuma.

Funzo langu ni hili: kabla ya kuupima mto, muulize anayeuvuka. Tena umuache amalize kusema.

Nimemusomea Nabintu haya yote sasa hivi. Akaweka kisu chini. "Andika na hii. Ile siku nilikuwa ukingoni, nilikuona unalia umeshika mkia. Nikakimbia kumwambia baba, hata wasipofika ng'ombe, minye naenda na ule mvuvi."

Miaka yote hii hajawahi kuniambia!

Haya wakuu, semeni hapa chini, nyinyi mulivuka na nini? Nitawajibu baadaye. Sasa ninaenda kumumenyea mihogo.