Bramwel na Mtihani wa Jogoo

Kufeli, Bramwel alikusikia kwa watu tu. Tangu darasa la kwanza pale Kangemi, mtihani ukiwekwa mbele yake ulikuwa kama chapati mbele ya mwenye njaa. Kwa hiyo chuo kimoja cha uuguzi kule Hurlingham kilipowaita waombaji wafanye mtihani wa kompyuta, wenzake walitoka na jasho, yeye akatoka na alama tisini na nne.

Na mtihani wenyewe haukuwa mchezo. Madam Kavutha, mkuu wa wakufunzi, aliwaambia waziwazi: wanaopita themanini humaliza kozi, wanaokosa hamsini huishia njiani, na kompyuta haijui mtoto wa mtu. Alipoziona alama za Bramwel alivua miwani akaifuta, akatazama tena.

"Wewe," alisema, "hata tukisahau kukufundisha utamaliza."

Haya. Kompyuta iliuliza mengi, lakini kuna moja haikuuliza, na Bramwel hakujipendekeza kulijibu: akiona damu, anazimia. Si kutishika, si kizunguzungu. Chini, pu! Aliwahi kuzimia kwa kinyozi kwa sababu mtu wa kiti cha pili amekwaruzwa shingo. Alijiambia yatapita. Uuguzi ndio alioutaka tangu nyanyake alipouguzwa wodini mpaka akarudi nyumbani kwa miguu yake, na hakutaka kazi nyingine duniani. Basi akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wetu aliumbuliwa na jogoo.

Mama yake, Joyline, huuza sukuma wiki sokoni Kangemi, na mdomo wake hauna kufuli. Kabla matokeo hayajapoa, soko zima lilijua kwamba mwanawe ni daktari.

"Muuguzi, Mama," Bramwel alimsahihisha.

"Nyamaza. Si wote huvaa nyeupe?"

Watu wakaanza kumletea magonjwa yao: goti la huyu, jicho la yule, na mzee mmoja aliyetaka kujua ni ugonjwa gani unaomfanya mkewe asimsikie akiongea.

Jumapili ikaandaliwa sherehe mbele ya nyumba, kwa viti vya kuazima kanisani. Mjomba Shem alifika kutoka Kakamega na jogoo mwekundu kwapani. Kwa watu wa magharibi ya Kenya jogoo si kitoweo tu, ni heshima, na firigisi yake hailiwi ovyo. Mjomba akakumbusha desturi ya ukoo wao: anayesherehekewa humchinja jogoo mwenyewe. Akampa Bramwel kisu mbele ya pasta, majirani na kwaya nzima.

"Mjomba, mimi nimeshiba," Bramwel alijaribu.

"Nani amekwambia ule? Nimesema uchinje."

Alichinja, lakini kidogo tu. Tone la kwanza lilipochungulia, macho ya daktari yaligeuka juu, kisu kikaenda huku, yeye akaenda kule, akalala chali juu ya sinia la ugali. Jogoo, na mkwaruzo wake shingoni, akatoka mbio kuelekea barabara kuu ya Waiyaki Way, wala hajaonekana mpaka leo. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa shukrani na haikujua isimamie wapi.

Wacha wee! Kangemi husahau deni, lakini kioja haisahau.

"Kompyuta imesema ndiyo, jogoo amesema hapana," alitangaza Peres, anayeuza nyanya kando ya Joyline. "Na mimi namwamini jogoo."

"Lilikuwa jua!" Joyline alimjibu. "Jua kali!"

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi.

Bramwel alijiunga na chuo hivyo hivyo, mdomo umefungwa. Mwanzoni ilikuwa vitabu na mgonjwa wa plastiki wa kufanyia mazoezi, mtu mwema asiye na damu. Bramwel alimdunga sindano, alimfunga vidonda, alimgeuza ubavu kwa upole mpaka wenzake wakamuuliza kama ni wa ukoo. Madam Kavutha alikuwa akitembeza alama zake ofisi baada ya ofisi, anawaonyesha wakufunzi walioubisha mtihani wa kompyuta. Kisha akatangaza: Jumatatu wanaingia wodini, wodi ya majeruhi.

Chakula kikamshinda Bramwel. Aliogopa, haki ya nani aliogopa. Akizimia wodini Jumatatu, Jumanne ataamkia sokoni, na yale maisha aliyoyataka yatakuwa yamekwisha.

Jumamosi alienda kumsaidia mama yake. Unajua wanawake wa soko wanavyokata sukuma: shada mkononi, kisu kikali, macho kwa mteja, na mdomo kazini. Joyline alikuwa akimjibu Peres kuhusu jogoo, kwa mara nyingine. Kisu kikapita majani, kikaingia kiganjani.

Damu ikaja kwa fujo.

"Woi! Muiteni Bramwel!" mteja akalia.

"Si huyo!" Peres akafoka. "Mnataka wagonjwa wawili?"

Bramwel alikuwa pale pale, ameshika gunia. Aliiona damu, akaliegemea gunia. Kisha akauona uso wa mama yake. Joyline alikuwa kimya. Joyline, kimya! Hilo lilimtisha kijana kuliko damu yenyewe. Akanyakua kilemba kisafi kichwani mwa Peres, akakikunja, akakibana kwenye kidonda kwa nguvu zake zote na kuuinua ule mkono juu.

"Mama, niangalie mimi. Usiuangalie mkono. Hata mimi siuangalii."

Walitembea hivyo mpaka zahanati, mama mkono juu kama mtu anayeapishwa, Peres nyuma yao kichwa wazi akidai kilemba chake huku analia. Bramwel aliongea bila kituo: mifupa ya kiganja, mishipa, bei ya vitunguu, Zaburi, chochote, kwa maana alijua akinyamaza tu amelala.

"Unaniumiza," mama alisema.

"Ndiyo. Na siachi."

Muuguzi wa zamu aliwapokea mlangoni. "Amejikata na kisu," Bramwel alimwambia, "kiganja cha kushoto. Nimebana tangu sokoni. Anasikia vidole vyote." Akangoja mpaka mkono wa muuguzi ukashika mahali pa mkono wake. Ndipo akazimia.

Alipozinduka, mama yake, amefungwa bandeji, alikuwa akimpepea kwa kofia ya askari wa mlangoni na kumweleza kila aliyepita kwamba huyu ni wake.

Jumatatu hakwenda wodini. Alikwenda ofisini kwa Madam Kavutha, begi mgongoni, tayari kuaga. Akamwambia yote: kinyozi, jogoo, ugali, kiganja cha mama. Madam alisikiliza mpaka mwisho, na uso ulimshuka.

"Na nilivyokutangaza," alisema.

"Pole, Madam."

"Ngoja kwanza. Ulizimia ukiwa umemshika, au baada ya kumkabidhi?"

"Baada."

"Damu ilikuwa imesimama?"

"Ilikuwa imesimama."

Madam Kavutha akainuka, akamvua lile begi mgongoni na kuliweka chini ya meza yake mwenyewe.

"Vaa sare, wenzako wamekwisha ingia," alisema. "Na ikija tena, fanya hivyo hivyo: mkabidhi mgonjwa kwanza. Halafu zimia upande wa ukutani, Bramwel. Usije ukaniangukia watu."