Marikani ya Bi Masouda

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumba ya Bi Masouda kule Bawshar, nchi ya Waarabu, ilikuwa na sauti moja tu, yake. Wajukuu wakimzunguka, na Bashayer, mdogo wao, kichwa kakiweka pajani kwake, naye akiwahadithia mambo ya Unguja aliyoyapata kwa mama yake.

Ijumaa ile paja lilikuwa tupu. Wifi yake, Bi Rahila, alikuwa karudi kutoka Marekani alikokwenda kwa mwanawe, na Bashayer kahamia pajani kwake.

"Vinanda mnavijua?" Rahila akauliza. "Vile vibao vyeupe vya kubonyeza, zamani vilikuwa pembe za ndovu. Nyingi zikitoka bandarini Unguja, zikenda kukatwa Connecticut, hukohuko Marekani. Na sandarusi yetu, ile gundi ya mti, wakiyapaka makabati yao yang'are."

"Wallahi, bibi?" Bashayer akadakia, macho yamemtoka.

Bibi! Ni haki yake Rahila kuitwa hivyo, dada wa babu yao, lakini neno lilimchoma Masouda kama mwiba wa samaki. Akamimina kahawa mpaka finjani ikafurika.

"Hayo madogo," akasema. "Mie nna kubwa. Hiyo Marekani yenyewe jina imelipata kwetu! Si ile nguo ya pamba, marikani, bibi zetu wakiivaa? Wazungu walipoona tunavyoipenda, wakaiita nchi yao kwa nguo yetu."

Sinan, mkubwa wa wajukuu, akaangua kicheko mpaka akapaliwa na sambusa.

Rahila hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Wifi yangu," akasema taratibu, "umeivaa nje ndani tu. Nchi ilitangulia. Nguo ikifumwa kwao, Massachusetts, meli za bandari yao ya Salem zikaileta Unguja, nasi tukaiita kwa jina la ilikotoka."

Masouda akainuka, ati anafata halwa. Jikoni akasimama mbele ya friji, akijisemea. Kasafiri mara moja, sasa kila kitu chake? Hata mjukuu wangu?

Alipojisikia, akaona haya. "Astaghfirullah. Hasidi hana sababu." Akamwombea Rahila kheri, kwa sauti ndogo, maana moyo haukukubali kuitoa kubwa.

Bashayer akaingia. "Bibi, marikani ilikuwaje?"

"Kamuulize bibi yako wa Marekani."

"Nimemuuliza. Kasema yeye kaisoma tu, mwenye kuilalia ni wewe."

Masouda akakumbuka. Ni kweli, foronya za mama yake zote zilikuwa za marikani. "Ngumu, mwanangu. Mpya ilikwaruza shavu. Ikifuliwa na kufuliwa, ndo inalainika."

Wakarudi na sahani. Rahila akapewa kipande cha halwa kikubwa kuliko vyote.

"Haya wifi, endelea kutuhadithia," akasema Masouda, na akakaa katikati, baina ya Rahila na Bashayer.