Kasoro Niliyojisingizia Barazani

Walioniona nikiadhirika nawataja mwanzo kabisa, maana aibu yenye mashahidi haina haja ya kufichwa: alikuwapo mjukuu wangu Zuleikha, aliyekuja likizo ya sikukuu kutoka chuoni Unguja, babake Salim, mwanangu wa pili; Raya, mdogo wake Zuleikha; Khamis, mjukuu wa jirani yangu Bi Fatma binti Makame; na baadaye, kwa bahati yangu mbaya, Bi Fatma mwenyewe. Majirani wengine wa hapa Kengeja waliojaa barazani siwataji (nawajua wote na baba zao, lakini karatasi itaisha).

Mchezo aliuleta Zuleikha. Ni hadithi mnayoitunga pamoja, yeye ndiye msimulizi, na kila mmoja wenu ni mtu ndani yake mwenye uwezo aliojibunia mwenyewe na kuuandika. Mwanzo ulikuwa wa dadu, Salim akasema dadu hazitoingia nyumbani mwake, basi tukatumia komwe za bao, ishirini, kila moja na namba yake, watia mkono bakulini bila ya kuangalia, ikija namba kubwa umefaulu, ikija ndogo umekwama. Salim akaridhia, lakini akatoa sharti: "Siku mchezo huu utakapoleta ugomvi, ndiyo siku yake ya mwisho."

Sharti lile lilitutisha, kwa sababu mkeka wetu wa mchezo ndio uliokuwa pahala pekee ambapo wajukuu wangu na mjukuu wa Bi Fatma walikaa pamoja. Tangu uchaguzi nyumba yetu ina bendera yake na nyumba yao ina yake, na mimi na Bi Fatma, tulioolewa mwaka mmoja, tuliochota maji kisima kimoja, tukikutana njiani kila mtu aangalia mihogo ya shambani kama kwamba hajapata kuiona.

Basi wenzangu wakabuni uwezo wao, huyu arusha moto, huyu apaa, mimi n'kasema moto sitaki, nimeshapika maisha yangu yote. "Wangu ni huu: nikimkaribisha mtu akala chakula changu, hawezi tena kuninyanyulia mkono." Siku ya kwanza n'kakaribisha majambazi, ya pili zimwi, ya tatu joka lenye vichwa vitatu (vyote vilikula). Khamis akatupa kalamu.

"Bibi, sasa sisi tutapigana na nani? Uwezo wako hauna mizani!"

Zuleikha akamuunga mkono, akaniambia kila uwezo lazima uwe na uzito upande wa pili, yaani kasoro, tena kasoro inayouma, niiandike. Hebu niambieni, mwanamke gani wa umri wangu akae aandike kasoro zake majirani wazisome? Kasoro husitiriwa. Ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo, n'kachagua kasoro isiyokuwa yangu: "Hakumbuki majina ya watu." Salim alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu watu wakigawana mashamba ya urithi huja kwangu kuuliza majina ya babu zao.

Ikafika siku ya pili ya sikukuu, baada ya alasiri, baraza imejaa. Nilikuwa naimudu kasoro yangu vizuri, Raya namwita "we mtoto", Khamis "we kijana", Salim "baba wewe nani", watu wanacheka, na mimi kichwa kinavimba. Mara akatoka Bi Fatma nyumbani kwake na buibui jipya, akasogea mpaka ukingo wa baraza yetu, mara ya kwanza tangu uchaguzi, akasema, "Sikukuu njema, Bi Mwanakhamis."

Na mimi, mjinga mimi, kwa kuwa nimo ndani ya hadithi, n'kamjibu: "Na wewe pia, mama... jina lako nani vile?"

Bi Fatma akaniangalia. "Hata jina," akasema, basi.

Khamis akamnong'oneza kwamba ni mchezo tu, ndivyo karatasi yangu isemavyo. Bi Fatma hakuondoka, nafikiri alitaka kuona kama ni kweli.

Hadithini tukafika kwenye lango la majini saba. Halifunguki ila kwa kuwataja majini wote, nao walijitambulisha siku ya kwanza. Raya kasahau, Khamis kakumbuka wawili. Zuleikha akasema, "Basi mmeshindwa." Nilijizuia, wallahi nilijizuia kama mtu mwenye tonge la moto kinywani, kisha likanitoka: "Shamhari bin Dahari bin Ghubari! Kaimuni bin Shamuni!" Wote saba, na babu zao (babu wawili Zuleikha hakuwa amewataja, niliwaongeza mwenyewe). Watu wakapiga makofi.

Bi Fatma hakupiga. "Majini saba na babu zao wawakumbuka. Mimi niliyechota nawe maji ndiye uliyenisahau."

Khamis akasimama, "Umemdhalilisha bibi yangu!", Raya akasimama kunitetea, bakuli likapinduka, komwe zikamwagika mpaka uwanjani, na Salim akainuka.

"Nilisema nini mimi? Kunjeni mkeka."

N'kanyanyuka, na goti langu likilia. "Mkeka uacheni. Mwongo ni mimi." N'kasema mbele ya wote: ile kasoro si yangu, yangu ya kweli niliionea haya. "Siwezi kumrudisha apigaye hodi, hata awe adui. Nafungua kwanza, nafikiri baadaye. Andika, Zuleikha. Na chakula changu kiwe na ukomo, sinia tatu kwa siku, na mpishi hula mwisho."

Khamis (apenda kanuni kuliko ugomvi) akakaa. "Hapo pana mizani. Adui akisema hodi tu, keshaingia."

"Hata mimi?" akauliza Bi Fatma.

"Hata wewe."

"Basi hodi! Mimi ndiye mfalme wa majini, nina askari kumi na wawili, na wote wana njaa!"

Baraza ikapiga kelele. Khamis akahesabu vidole. "Sinia moja watu wanne, basi askari wamekula, mfalme kabaki na njaa na upanga. Umekwisha, Bibi."

"We Khamis, umelelewa wapi?" n'kamuuliza. "Mgeni akikuta watu washakaa kwenye sinia, huambiwa hapana nafasi?"

Zuleikha akaniambia nichote komwe, tuone kama askari watamsogelea mfalme wao. Nikatia mkono. Kumi na tisa! Na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Salim: "Sogeeni basi, mfalme akae!"

Bi Fatma akavua viatu akaketi mkekani. "Nimekula. Mkono wangu umefungwa."

Hadithini nilibaki na njaa, sinia zote tupu, uwezo wangu umekwisha kwa siku ile, ikabidi nikae kimya wenzangu wamalize (kimya ndicho kilichoniuma). Lakini Raya alileta sinia ya bokoboko la kweli, la ngano na nyama, na Bi Fatma akaisukuma upande wangu. "Kula, mpishi." N'kamjibu kwa jina lake lote, Fatma binti Makame bin Shaame bin Faki, akacheka, akanirekebishia mkono wa buibui langu usiingie chakulani.

Tangu siku ile nimeapa kasoro ya kuazima siivai tena, yangu yanitosha. Na kama nimekosea jina la yeyote hapa, au babu wa jini yeyote, nijulisheni haraka, isije ikawa kasoro niliyojisingizia imenijia kweli.