Siku Maksai Wetu Walipozungusha Bembea

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili linaanza na harufu, na harufu haielezeki kwa mbali. Ni harufu ya grisi iliyoshinda juani juu ya chuma, ikichanganyika na mavi mabichi ya ng'ombe. Najua haipendezi. Mimi mwenyewe siipendi. Lakini hata leo, nikipita mbele ya gereji mchungaji akiwa anavusha mifugo barabarani, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kama vinatafuta mtu wa kushika, na mara moja narudi Mpanda, miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Tuliishi Mwamkulu, nje ya mji, kwenye mashamba ya mpunga. Baba alikuwa Msukuma aliyefika huku akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini. Mama alizaliwa kwa watu waliotoka Burundi, wakulima wa jembe la mkono, na kwao hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa hiyo mama aliwaogopa. Maziwa aliyachemsha, mtindi aliutikisa, lakini mbele ya pembe hakupita. Ng'ombe wakirudi jioni, yeye aliizunguka nyumba nzima ili aingie jikoni bila kukutana nao.

"Mama Kabula," baba alimtania, "hao wanakula majani, hawali watu."

"Na pembe wamepewa za kulia majani?" mama alijibu, akaendelea kuzunguka.

Kabula ni mimi. Nilikuwa na mdogo wangu Masanja, wa miaka mitatu, mnene kama mtungi na mtelezi kama kambare.

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa na kuanikwa, baba alitupeleka mjini siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo ya familia yetu. Alifunga maksai wawili kwenye mkokoteni, Sigara na Jumapili. Sigara aliitwa hivyo kwa sababu ncha ya mkia wake ilikuwa nyeupe kama jivu, na Jumapili kwa sababu ya siku aliyozaliwa. Tuliondoka alfajiri, tumejifunika blanketi moja, mama amekaa nyuma kabisa ya mkokoteni akitazama tulikotoka ili asizione pembe. Mjini tulikunywa soda, tulikwenda stesheni kuitazama treni ikipumua, baba alinunua chumvi na mafuta ya taa, kisha tukarudi huku vumbi limetupaka rangi moja sote. Kama kuna furaha kubwa kuliko hiyo kwa mtoto, mimi sikuijua.

Mwaka ninaokusimulia, zilifika habari kwamba mtu mmoja kutoka Tabora ameleta kwa treni bembea ya kuzunguka. Waliokwisha kuiona walirudi Mwamkulu wakitembea kama walevi, wakidai dunia bado inazunguka. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Baba aliahidi: mpunga ukiingia ghalani, tunakwenda kupanda bembea.

Tulipofika kwenye uwanja wa mchanga karibu na stesheni, bembea ilikuwa imesimama. Ilikuwa kama gurudumu kubwa lililolazwa: nguzo ya chuma katikati, mbao zikitoka pande zote, na kwenye ukingo viti vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu na bluu. Lakini haikuzunguka. Injini iliyoizungusha ilikuwa imekufa tangu jana yake, na mwenye bembea, mwanaume mfupi aliyeitwa Fundi na kila mtu, alikuwa amejilaza chini yake, mikono imejaa grisi, akiyatukana mabomba. Watoto waliokaa mchangani kusubiri walikuwa na nyuso za msibani. Nilianza kulia bila sauti. Baba aliniona.

Sasa ngoja nikueleze jambo moja taratibu, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kwetu maksai wa kulima hafundishwi kwa maneno. Anafundishwa kufuata mgongo. Mtoto anatangulia mbele akiwa ameshika kamba, anatembea mstari ulionyooka, na maksai wanamfuata. Akitembea, wanatembea. Akisimama, wanasimama. Mtu mzima yuko nyuma ameshika plau, na akitaka wapunguze mwendo, anaikandamiza, inazama udongoni, inakuwa nzito. Mtoto mbele, plau nyuma: hivyo ndivyo shamba lilivyolimwa. Na kwa misimu miwili mgongo wa mbele ulikuwa wangu. Hata kamba ilikuwa ya desturi tu. Sigara na Jumapili wangenifuata mpaka darasani.

Baba alimwita Fundi atoke chini ya injini.

"Una boriti ndefu?" aliuliza. "Tuifunge chini ya viti, itokeze nje. Mimi nafunga nira pale."

Fundi alimtazama, akawatazama maksai. "Mzee, hii siyo shamba."

"Hawa wamevuta gogo la mninga kutoka porini. Watashindwa watoto?"

"Nyie Wasukuma mnadhani kila kitu kinalimwa."

"Na wewe unadhani injini yako itafufuka kwa matusi. Wanangu wapande kwanza, basi, sitaki kingine."

Watu wakacheka, na Fundi naye akacheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Boriti ililetwa, ikafungwa. Fundi akapaka grisi nyingi kwenye nguzo ili mambo yawe mepesi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Njooni muone trekta linalokula majani!" Uwanja ukajaa.

Watoto kama kumi tulipanda. Mama alinipakatisha Masanja, akanifunga kamba kiunoni na kwenye kiti kwa sababu kiti hakikuwa na kizuizi. Kamba haikumtosha na Masanja. Mama akaninong'oneza, "Mshike mdogo wako. Usimwachie." Nikamwambia simwachii.

Baba akapiga mluzi. Maksai hawakutikisika. Akawapiga kofi mgongoni. Sigara akageuza shingo akamtazama kama anamuuliza, nimfuate nani? Maana mbele yao palikuwa mchanga mtupu. Watu wakaanza kuzomea. Nilimwona baba akifikiri, kisha uso wake ukang'aa. Alikuja akafungua kamba yangu, akatunyanyua mimi na Masanja, akatuhamishia kwenye kiti kilichokuwa mbele kidogo ya boriti, hatua tatu tu kutoka kwenye pua za maksai, akanifunga tena.

"Kaa hapa, mwanangu. Wape mgongo."

Nikawapa mgongo. Wakaniona. Wakaanza kutembea.

Ee, zile raundi za kwanza! Upepo mdogo ulikuja usoni. Stesheni ilipita, mikungu ya ndizi za wachuuzi ikapita, mama akapita akiwa ameshika mdomo kwa kicheko, stesheni ikapita tena. Masanja alipiga kelele za furaha. Baba alitembea nyuma ya maksai wake kifua mbele, na watu wakampigia makofi. Naamini hapakuwa na mtu mwenye fahari kuliko yeye katika Mpanda nzima.

Pengine umekwisha kuliona kosa letu. Sisi hatukuliona mpaka Fundi alipoita, "Haya mzee, simamisha, wengine wapande!"

Baba akatoa sauti ya kusimamisha. Maksai wakaendelea. Akaita tena. Wakaendelea. Maana mgongo waliokuwa wanaufuata ulikuwa bado unatembea. Nami nilitembea kwa sababu wao walitembea, na wao walitembea kwa sababu mimi nilitembea. Shambani ningesimama tu. Pale nilikuwa nimefungwa kamba kwenye kiti, na kiti kilikuwa kinakwenda.

"Kabula, simama!" baba akapaza sauti kwa mazoea, halafu akasikia alichosema.

Alitafuta cha kukandamiza, lakini plau haikuwepo. Alishika nira akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, miguu yake ikachora mfereji mchangani. Uzito wa mtu mmoja haufikii wa plau iliyozama; wao waliona tu kazi imezidi kidogo, na kazi ikizidi kidogo maksai mwema huongeza nguvu. Wakaongeza. Mimi nikaanza kulia, nikiwaita kwa majina, "Sigara! Jumapili! Basi!" Lakini hawakuwahi kufundishwa neno basi. Walichojua ni kwamba sauti yangu iko mbele, na kwamba mimi nikiita, wao wanakuja. Wakaanza kukimbia ule mwendo mzito wa ng'ombe, na gurudumu lile lililojaa grisi likakimbia nao.

Watoto wengine walilia. Mmoja alitapika. Fundi aliikamata mbao moja ikambwaga chini. Na Masanja alikuwa anateleza. Mikono yangu ilikuwa na jasho, naye alikuwa amejipinda akimtafuta mama, na kila raundi alizidi kuelemea upande wa nje. Upande wa nje ndiko maksai walikopita. Nilimshika fulana, ikavutika. Nilimshika mkono, ukaponyoka, nikaudaka tena. Nilielewa vizuri kabisa kwamba akianguka ataangukia kwenye kwato, na kwamba hakuna ninachoweza kufanya zaidi ya hicho ninachofanya, na hakitoshi. Stesheni ikapita. Ndizi zikapita. Uso wa baba ukapita, na uso ule sijausahau, kwa sababu ulikuwa unaniomba mimi nimsaidie.

Halafu mama hakupita. Nilifika mahali alipokuwa amesimama, hapakuwa na mtu.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Siyo za ng'ombe. Mama alikuwa ameingia katikati, kwenye zile hatua tatu kati ya kiti changu na pua za maksai. Amefunga kanga kiunoni, amewapa mgongo, anakimbia kwa mwendo wao. Sikuweza kugeuka vizuri, ila nilisikia sauti yake, ndogo na ya kawaida, kama ananiamsha kwenda shule, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao.

"Usiwaite, mwana wanje. Nyamaza. Nipo."

Nikanyamaza. Nikafumba macho. Niliyoyajua baada ya hapo niliyajua kwa mwili tu: upepo ulipungua usoni, halafu ukapungua tena. Mama alikuwa anapunguza hatua moja baada ya nyingine, na mgongo uliokuwa mbele ya maksai sasa ulikuwa wa kwake. Kukimbia kukawa kutembea. Kutembea kukawa kujikokota. Na hapo, gurudumu likiwa bado halijatulia kabisa, mikono yangu ikawa mitupu. Masanja hakuwemo.

Nilipofumbua macho nilimwona mama amepiga magoti mchangani, Masanja kifuani pake, na Sigara amesimama juu yao akimnusa mama shingoni. Baba alikuwa amekaa chini akihema. Hakuna aliyecheka. Masanja alitutazama wote, akasema, "Tena!"

Hapo ndipo watu wakacheka.

Tulirudi Mwamkulu jua likiwa bado juu. Baba alitembea mbele ya maksai njia nzima, kwa miguu. Mama alikaa mahali pake pa nyuma, amempakata Masanja. Mimi nilikaa katikati, nimeshikilia jambo langu peke yangu: nilimwachia. Aliniambia nisimwachie, nami nimemwachia. Kwamba mama alikuwepo kumdaka, niliona ni bahati ya Masanja, siyo kazi yangu. Nyumbani hakuna aliyenigombeza, na hilo likanithibitishia kwamba kosa ni kubwa mno.

Miaka ilipita. Kila mara familia ilipokusanyika, hadithi ya bembea ilisimuliwa, na kila mtu alikuwa na kipande chake. Baba aliiga sauti ya Fundi, Masanja alijifanya anakumbuka. Nami nilicheka pamoja nao, kisha nikatoka nje kidogo, kama mtu anayekwenda kuangalia moto. Nikawa msichana ambaye hapakati mtoto wa mtu. Nilisema wananichafulia nguo.

Nilimwambia mama nikiwa na mtoto wangu wa kwanza, wa wiki mbili. Alikuja Ilembo, nilikoolewa, kunisaidia, akaona ninavyomweka mtoto kitandani badala ya kumbeba. Akauliza kwa nini. Nikalia, nikamweleza yote: mikono, jasho, macho niliyofumba, na jinsi nilivyomwachia.

Mama alinitazama usoni. Nilidhani ananisamehe. Kumbe alikuwa anashangaa.

"Hukumwachia," alisema. "Mimi nilimtoa. Nilinyoosha mkono nikamvuta, akakataa kutoka. Ulikuwa umemkamata, Kabula. Nikavuta mara ya pili kwa nguvu zangu zote, nikaogopa nitakuvunja vidole. Alikuwa na alama zako mkononi siku tatu. Hukuziona?"

Sikuziona. Sikuthubutu kumtazama.

"Ningekwambia siku hiyohiyo," mama akasema, "lakini sikujua kama kuna kitu cha kukwambia. Niliona jinsi ulivyomshika. Nilidhani na wewe umeona."

Kisha akamnyanyua mwanangu kitandani, akamweka mikononi mwangu, akaenda jikoni kuangalia uji.

Nimelifikiria sana neno lake. Siku ile kila mmoja wetu alishindwa: baba alishindwa kuwasimamisha maksai wake, Fundi alishindwa na gurudumu lake, mimi nilishindwa hata kugeuka. Mama peke yake alipata cha kufanya, naye akakifanya mbele ya pembe alizoziogopa maisha yake yote. Lakini hata yeye hakuweza kuona kilichomo ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka tisa aliyefumba macho. Mtu mzima anakumbuka mwisho mwema. Mtoto anakumbuka mikono yake ilivyokuwa mitupu.

Kwa hiyo fanya hivi, leo ukirudi nyumbani. Mwite mtoto wako mkubwa, mkumbushe siku moja uliyomkabidhi mdogo wake mambo yakaenda vibaya, na muulize yeye anakumbuka nini. Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.